Aje Mmoja Tu

Kaeni vizuri, na mwenye simu aizime. Nitasimulia mara moja, nikimaliza nitauliza, na sitaki mtu wa kunirukia na jibu kabla sijafunga mdomo. Mara ya mwisho niliisimulia kwenye harusi, watu wakabishana mpaka pilau ikapoa, na bibi harusi mpaka leo hanisalimii.

Huko kwetu milimani Upare walikuwapo watu watatu, wote wa usharika mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Mwalimu Elinihaki, mstaafu wa sekondari. Kipaji chake kilikuwa kujibu. Umuulize swali la kumtega, swali la kumkera, hata swali la matusi, atavua miwani, atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atakujibu kwa sauti ileile anayoombea chai. Na asipojua anasema sijui, jambo ambalo walimu wengi linawashinda.

Wa pili ni Namkunda, mjane, mkulima wa tangawizi. Kipaji chake kilikuwa kukaa. Naona mnacheka. Haya, jaribuni ninyi kukaa saa nzima na mtu mwenye uchungu bila kumpa ushauri, bila kumwambia habari za shangazi yenu aliyepatwa na yaleyale, bila kutazama mlango. Mkiweza, njooni mniambie.

Wa tatu ni Mwinjilisti Yoeli. Huyu alipewa sauti. Akihubiri upande huu wa bonde, wanaopalilia upande wa pili wanaitikia. Lakini siyo sauti ninayomhesabia. Kipaji chake kilimjia ukubwani, baada ya kuharibu mengi: aliweza kusema nimekosea, akaishia hapo, bila kuongeza lakini.

Sasa mjueni mtu waliyemwendea. Mzee Kallaghe alikuwa mfungua ndiva. Kwa ninyi wa bondeni, ndiva ni bwawa dogo ambalo mababu walilijenga kwa mawe na udongo juu ya mashamba. Maji ya kijito yanakusanyika humo, alfajiri yanafunguliwa, na kila shamba lina siku yake ya zamu. Kallaghe ndiye aliyekuwa anazibua. Hakuchelewa hata asubuhi moja, na hakumpunja maji hata mtu aliyemchukia. Ila ukimtajia Mungu, umekwisha.

Wala hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mzee wa kanisa, anapitisha kapu la sadaka amevaa suti. Alikuwa na mtoto mmoja, Mbonea, wa miaka kumi na mitatu. Mtoto akaugua tumbo. Siku ya kwanza watu wa kanisa wakaja kuomba. Siku ya pili wakaja wengi zaidi, wakamwambia baba, usimbebe kwenda hospitali, kumbeba ni kuonyesha mashaka. Siku ya tatu Kallaghe akachoka kusikiliza, yeye na majirani wakatengeneza machela wakashuka naye mlima. Mtoto akakata roho kabla hawajaona lami.

Basi, kwenye mazishi, Mwinjilisti Yoeli, wakati huo kijana mwenye moto, akasimama juu ya lile kaburi na ile sauti yake, akasema mtoto angepona kama imani ya nyumba ile isingeyumba. Bonde zima lilisikia. Kallaghe alikuwa ameshika koleo. Aliliweka chini, akaondoka kabla kaburi halijajaa, na hakukanyaga kanisani miaka ishirini na miwili. Baraza la wazee likakaa likamtenga. Ndiyo maneno waliyoandika: ametengwa mpaka atakapotubu. Yeye ndiye wa kutubu. Mimi hapo huwa natamani kutema mate, lakini tuendelee.

Kila aliyekwenda kumrudisha aliulizwa swali moja mlangoni: mwanangu alikosa nini? Wengi walikuwa na jibu tayari. Aliyejibu haraka alitoka mbio na mpini wa jembe ukimfuata.

Mkewe, Mama Mbonea, aliendelea kusali. Alikuwa anakwenda ibada peke yake na kurudi peke yake, na nyumbani hakuhubiri. Haja yake ilikuwa moja, ameirudia kwa Namkunda mara nyingi. Alisema, "Mimi sitaki arudi kwenye kapu la sadaka. Nataka kabla hajafa aitikie amina mara moja. Moja tu. Nijue tunakokwenda tunakwenda wote." Hilo ndilo lililokuwa linatafutwa katika habari hii yote. Amina moja, kinywani mwa mzee mmoja mkaidi.

Mwalimu Elinihaki ndiye aliyeanza. Zamu yake ya maji ilikuwa Alhamisi, kwa hiyo kila Alhamisi alfajiri alimkuta Kallaghe kwenye ndiva.

"Leo umeleta mstari gani?" Kallaghe alimkejeli.

"Leo nimeleta jembe," Mwalimu akasema. "Mstari nitaleta ukiuliza."

Kallaghe akauliza. Aliuliza kwa kukebehi, kisha kwa hasira, kisha, baada ya mwaka hivi, kwa kutaka kujua. Kama Mungu yupo, kwa nini kimya? Hivyo vitabu viliandikwa na nani? Wanaosali wanaiba, sasa sala inafanya kazi gani? Mwalimu hakumwita mpumbavu, hakumtisha na moto. Pale Kallaghe aliposema kweli alimwambia, hapo umesema kweli. Miaka minne walibishana, huku maji yanapita katikati ya miguu yao. Alhamisi moja Kallaghe akamwambia, "Mwalimu, maswali umenimalizia. Limebaki moja, na hilo siyo la kichwa." Hakumfukuza tena mtu kwa hoja baada ya siku ile.

Kisha moyo ukaanza kumsumbua, miguu ikavimba, na kazi ya ndiva akapewa mwingine. Hapo ndipo alipoingia Namkunda. Jumapili, Mama Mbonea akienda ibada, Namkunda aliyesali ibada ya kwanza alikuwa anakuja na bakuli la makande, anakaa na mgonjwa.

"Wamekutuma unipime kama nimelainika," mzee alimwambia.

"Hakuna aliyenituma. Makande yalibaki."

Wakala. Akarudi Jumapili iliyofuata, na iliyofuata, na Mungu hakutajwa. Siku moja mzee mwenyewe akaanza kusimulia zile siku tatu, tangu mtoto alipokunja magoti kwa maumivu hadi alipokata roho kwenye mteremko. Ilichukua asubuhi nzima. Namkunda hakusema ni mapenzi ya Mungu, hakusema pole, tumwachie yeye. Alipomaliza alimuuliza, "Mbonea alikuwa anapenda nini?" Yule mzee akashangaa. Miaka ishirini na miwili watu walimuuliza jinsi mtoto alivyokufa, hakuna aliyemuuliza alivyoishi. Akasema alikuwa anapenda kukwangua ukoko wa ugali, anapigana na mama yake kwa ajili ya sufuria. Akacheka, kisha akalia, na Namkunda akalia naye. Tangu siku ile mlango wa nyumba ile ulikuwa unaachwa wazi mchana.

Mwinjilisti Yoeli naye akasikia mlango uko wazi. Alikwenda, akafukuzwa kwa jicho tu. Akaenda tena, Kallaghe akageukia ukutani. Mara ya tatu mzee alikuwa amekaa uani kuota jua, akamwambia asivuke uzio. "Una la kusema, lisemee hapohapo njiani."

Basi Yoeli akasimama njiani. Na ile sauti, ndugu zangu, haijui kunong'ona. Akasema, "Mzee Kallaghe, nilisema uongo juu ya kaburi la mtoto wako. Sikujua Mungu aliwaza nini, nikajifanya najua. Sisi ndio tuliokuzuia kumbeba. Kosa ni letu, na la kaburini ni langu mimi peke yangu." Watu mashambani wakaacha majembe. Kallaghe akajibu, "Umesikika. Nenda nyumbani." Lakini jioni hiyo mkewe alimwona anakula vizuri, na wiki ile hakumtukana mtu.

Mmeona sasa. Mmoja alimwondolea ubishi, mmoja alimwondolea upweke, mmoja alimwondolea ile hasira. Ukitoa mmoja hapo, mlango haufunguki. Mimi nimewapima kila upande na sijaona aliyezidi.

Jumatatu moja mzee akamwita mkewe. Pumzi ilikuwa imekuwa fupi. Akamwambia, "Kesho asubuhi, ndiva ikishafunguliwa, aje mmoja wa wale watatu. Aniombee, na mimi nitaitikia."

Mama Mbonea akasogea kitandani. "Aje yupi, Baba Mbonea?"

"Wenyewe watajua. Ila aje mmoja tu. Wakija wote wataanza ibada, na mimi sikuomba ibada."

Najua kuna mtu anataka kuuliza kwa nini mama asimwombee mwenyewe papo hapo. Alitaka. Alishafunga macho. Mzee akamshika mkono akasema, "Wewe umeniombea miaka yote, nikikusikia kila siku. Nataka wa kutoka kule kanisani. Waliniumiza wao, waje wao."

Mama akatoka siku hiyohiyo, akapita nyumba tatu, akafikisha ujumbe, akasisitiza: mzee hana siku nyingi, aje mmoja, asubuhi. Wote watatu walifurahi sana. Wakakubaliana wakutane saa moja kwenye ofisi ya usharika, wachague, na aliyechaguliwa atembee. Kutoka pale hadi kwa Kallaghe ni dakika kumi, kama huna haraka.

Saa moja wote walikuwapo. Na kwa kuwa ni watu wa kanisa, kikao hakianzi hivihivi. Yoeli akasema tufungue kwa wimbo. Wakaimba beti zote. Kisha sala ya kufungua, naye Mwalimu aliyeombwa kufungua akawakumbuka wagonjwa wote, wasafiri, na viongozi wa nchi. Walipomaliza ilikuwa saa moja na nusu.

"Aende Mwinjilisti," Mwalimu akasema. "Yeye ndiye aliyemjeruhi, na yeye ndiye aliyeomba radhi."

"Mimi sistahili," Yoeli akasema, na alimaanisha. "Mdomo uliosema maneno yale usiende kumwombea. Aende Mwalimu, aliyepigania hoja miaka minne."

Mwalimu akavua miwani. Akasema hoja hiyo ina uzito, lakini ina upande wa pili. Akaueleza upande wa pili. Kisha akasema haki itendeke, Namkunda naye atazamwe, maana yeye ndiye aliyefunguliwa moyo. Lakini je, mwanamke peke yake chumbani kwa mzee, watu watalichukuliaje? Halafu akakumbuka jambo lingine: Kallaghe bado ametengwa. Je, mtu aliyetengwa anaombewa kabla ya kurudishwa kundini, au anarudishwa kwanza? Yoeli akaona ni swali la msingi. Wakafungua kitabu cha taratibu.

Namkunda alikuwa amekaa mwisho wa benchi. Saa mbili akasema, kwa sauti ndogo, "Jamani, tunachelewa." Wakaitikia, kweli, tunachelewa. Naye akarudi kunyamaza. Baadaye alisema alikuwa anaona saa ukutani, na miguu ilikuwa inataka kusimama, lakini hajawahi kusimama mbele ya mwinjilisti na mwalimu wanapoongea. Alisubiri wamalize.

Saa tatu unusu walikuwa wanakaribia kukubaliana wapige kura ya siri. Watu watatu, kura ya siri. Chekeni sasa, nimewaruhusu.

Mama Mbonea akatokea mlangoni. Hakuwa anakimbia. Wote wakasimama.

"Mmemchagua nani?" akauliza.

Mwalimu akasema, "Mama, ndiyo kwanza tunafikia uamuzi."

"Amekufa," akasema. Akakaa kwenye benchi lao. "Maji yalipofunguliwa aliyasikia, akataka nimvalishe shati jeupe. Akataka nimkalishe, atazame mlango. Akaniuliza, amefika? Nikasema bado. Akaniuliza tena. Mara ya tatu nilitoka hadi njiani, nikatazama mpaka kona ya kanisa. Niliporudi nilimwambia uongo. Nikasema nimemwona, yuko njiani."

Mwalimu akavua miwani. Akauliza, polepole sana, "Aliitikia chochote, mama? Amina?"

"Angemwitikia nani?" Mama Mbonea akasema.

Alizikwa Alhamisi, kando ya mwanawe. Kengele haikupigwa, kwa sababu taratibu ni taratibu na jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya waliotengwa. Wale watatu walishika makoleo wakafukia kama watu wengine. Nilikuwapo, na nasema wazi sijapata kuona mazishi yaliyoniuma vile.

Baada ya matanga Mama Mbonea akawaita wote watatu nyumbani. Akawakalisha, hakuwapa chai. Akasema, "Sikuwaambia yote. Nilipomwambia mtu yuko njiani, alitikisa kichwa. Alijua. Akasema, 'Huyo mmoja aliyekuwa aje, akifika mwambie nilimsubiri, na sina kinyongo naye.' Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Ni ya mtu mmoja. Nimewaita mniambie ni nani kati yenu."

Mnaelewa alichokuwa ameshika yule mama? Ni msamaha. Wa mtu mmoja, kutoka kwa mtu ambaye hawezi tena kuulizwa.

Mwalimu Elinihaki alilia waziwazi. Akasema, "Nipe mimi, mama. Hawa wawili wangekwenda, mimi ndiye niliyewashika kwa maneno. Bila maneno hayo ya marehemu sitaweza tena kumjibu mtu swali lolote."

Namkunda akasema, "Mimi nilijua muda unakwenda, nikakaa. Wao hawakuitazama saa, mimi niliitazama. Mwenye kosa kubwa ndiye mwenye haja kubwa."

Mwinjilisti Yoeli hakuomba. Alipiga magoti akasema, "Mimi nimeshamkosea mara mbili. Ya kwanza alinisikia nikiungama. Hii ya pili hatanisikia." Na ile sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikutoka nje ya chumba.

Mama Mbonea akawatazama mmoja mmoja. Akasema wagawane haiwezekani, mzee tangu mwanzo alisema mmoja. Kisha akasema neno ambalo sikulitegemea kwake, yeye aliyekuwa mpole miaka yote. Akasema, "Yeye hana kinyongo. Mimi ninacho. Mimi nilitaka amina moja, na ninyi mlikuwa nayo dakika kumi kutoka hapa. Sijui kama naweza kuyatoa haya maneno mdomoni kumpa yeyote, na nisipoyatoa nitakuwa nimemnyima marehemu haki yake."

Mpaka leo hajayatoa. Watatu wale bado wanakwenda kwake, kila mmoja kwa siku yake, wanalima shamba lake, wanachota maji, hawaulizi. Mama naye sasa amezeeka, kifua kinambana, na akiondoka nayo basi yamekwisha.

Nimemaliza. Wewe uliyekuwa unacheka kule nyuma, sogea mbele, na wewe mama usijifiche nyuma ya mtoto. Mlango ule waliufungua watatu sawasawa, na kwa mtu aliyekaa ndani akiutazama, waliuacha mtupu watatu sawasawa. Msamaha upo, ni wa mmoja, na aliyeushika hajasamehe. Ungekuwa wewe ndiwe Mama Mbonea, umekaa hapo na wale watatu mbele yako, ungemwambia nani?